Jina la Mshonaji

Kila Ijumaa adhuhuri, mitaa yetu inapojaa watu waendao msikitini, macho hukutana na kazi ya mikono ambayo wageni hutoka mbali kuja kuitazama. Ni kofia za mkono, zilizotobolewa na kudariziwa kwa uzi, tundu baada ya tundu, nyingine zikiwa zimechukua miezi kumalizika. Mvaaji hutambulika, watu humwita kwa jina lake, humsifu kwa unadhifu wake, na akiwa mtu wa cheo picha yake hutokea gazetini. Lakini ukiuliza ni nani aliyeishona kofia hiyo, aghalabu utajibiwa kwamba imenunuliwa dukani, au imeletwa na mchuuzi, au imeshonwa na bibi mmoja wa shamba. Habari za fundi hukomea hapo.

Leo katika safu hii tunapenda kuwaeleza wananchi, na hasa viongozi waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni, kazi za mikono na ustawi wa jamii, maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani aitwaye Elizabeth Keckley. Alizaliwa mtumwa mwaka 1818 na akafariki mwaka 1907. Katika uhai wake alikuwa mbunifu na mshonaji wa mavazi ya wake wa wakubwa mjini Washington, na jina lake limeambatana na mfarishi mmoja wa hariri unaohesabiwa leo miongoni mwa kazi mashuhuri za sanaa ya nguo nchini humo. Tumemchagua kwa sababu alijikomboa yeye na mwanawe kwa sindano, na pia kwa sababu, baada ya kufa kwake, ilifika siku watu wakakana kwamba kitabu alichokiandika ni chake, na kaburi lake likakaa miaka 50 bila alama.

Huenda msomaji akauliza habari za Marekani zinatuhusu nini sisi watu wa visiwani. Zinatuhusu kwa njia ya nguo. Wazee wetu walivaa merikani kabla hawajajua Marekani iko upande gani. Kitambaa hicho cha pamba kisichopaushwa kililetwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na serikali ya Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa nchi hiyo akaanza kazi Unguja. Merikani ilibadilishwa kwa pembe za ndovu na sandarusi, ikachukuliwa na misafara hadi bara, na huko ikatumika mithili ya fedha. Kitambaa kilifumwa katika viwanda vya kaskazini ya Marekani, lakini pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, pamba iliadimika na merikani ikapungua katika soko la Unguja. Nyakati hizo hizo hapa kwetu binadamu walikuwa wakinadiwa katika soko ambalo halikufungwa hadi mwaka 1873, na hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka 1897. Kwa hiyo nguo iliwaunganisha wanyonge wa pande mbili za bahari kabla wao wenyewe hawajajuana.

Elizabeth alizaliwa katika wilaya ya Dinwiddie, jimbo la Virginia, mwezi wa Februari mwaka 1818. Mama yake, Agnes, alikuwa mtumwa wa ukoo wa Burwell, na kazi yake mojawapo ilikuwa kushona nguo za jamaa wa nyumba na za watumwa wao. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kushika sindano. Mwanamume ambaye Elizabeth alimwita baba, George Hobbs, alikuwa mtumwa wa bwana mwingine, na aliruhusiwa kuwaona mke na mtoto kwa nadra tu. Elizabeth alipokuwa bado mdogo, bwana wa Hobbs alihamia magharibi na kumchukua mtumwa wake. Baba na mtoto hawakuonana tena. Miaka mingi baadaye, mama alipokuwa karibu kukata roho, ndipo Elizabeth alipojulishwa kwamba baba aliyemzaa hasa alikuwa ni Kanali Armistead Burwell, yule yule aliyemmiliki. Hii ndiyo ilikuwa hali ya mfumo ule: mzazi aliweza kuwa mwenye mali, na mtoto akawa mali yenyewe.

Alipokuwa na umri wa miaka minne alipewa kazi ya kumbembeleza mtoto mchanga wa bwana wake. Kwa juhudi ya kitoto alikisukuma kitanda cha kubembea kwa nguvu hata mtoto akaanguka chini. Kwa kutojua la kufanya, akataka kumzoa kwa koleo la moto. Alichapwa viboko, na vilikuwa vya kwanza maishani mwake. Alipofika kama miaka saba aliona kwa mara ya kwanza binadamu akiuzwa. Bwana wake alikuwa amenunua nguruwe wa msimu wa baridi na hela hazikutosha. Mtoto wa mpishi, mvulana mdogo, akachaguliwa kufidia deni. Mama yake aliamriwa amvalishe nguo zake za Jumapili na kumpeleka nyumba kubwa. Mtoto aliingia na uso wa furaha, akawekwa kwenye mizani, akauzwa kwa uzito kama walivyouzwa nguruwe wale. Tunaomba msomaji aitazame habari hii kwa jicho la mshonaji. Nguo nzuri ya mtoto yule, iliyofuliwa na kunyooshwa na mama yake, ilitumiwa kumpamba kwa ajili ya mnada.

Alipotimu miaka 14 Elizabeth alipelekwa kumtumikia mtoto mkubwa wa bwana wake, kasisi Robert Burwell, ambaye kwa damu alikuwa ndugu yake. Familia hiyo ilihamia Hillsborough, North Carolina. Huko mwalimu mmoja wa skuli, kwa ridhaa ya wenye nyumba, aliazimia kuuvunja moyo wake kwa mijeledi, pasipo kosa lolote. Elizabeth alipigana naye kwa kadiri ya nguvu zake, akashindwa, akapigwa. Akaitwa tena, akapigana tena. Mwisho mwalimu yule alitokwa na machozi, akakiri kuwa ni dhambi, na hakurudia. Hata hivyo dhuluma haikwisha. Mwanamume mmoja wa Kizungu alimwandama kwa muda wa miaka minne, na sheria ya nchi haikumpa mtumwa wa kike njia yoyote ya kujihami. Akapata mtoto wa kiume, akamwita George.

Baadaye Elizabeth na mwanawe walirudishwa Virginia katika nyumba ya binti wa Burwell, aliyeolewa na Hugh Garland, mwanasheria. Mwaka 1847 nyumba hiyo ilihamia St. Louis, Missouri. Garland huyu ndiye aliyewahi kuwatetea mahakamani waliomshikilia Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake katika kesi iliyotikisa Marekani nzima. Wakili wa wenye watumwa, walakini, alikuwa amefilisika. Ili kupata chakula alikusudia kumkodisha Agnes, mama mtu mzima, akatumike kwa watu baki. Elizabeth alikataa mama yake asidhalilishwe katika uzee, akajitolea yeye kutafuta kazi ya kushona mjini. Muda si mrefu wanawake wenye uwezo wakaanza kumgombania. Kwa miaka miwili na miezi mitano sindano yake iliwalisha watu 17, watumwa na mabwana kwa pamoja. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba mtumwa alikuwa akilishwa na bwana wake. Katika nyumba hii tunaona nani alikuwa akimlisha nani.

Ndipo Elizabeth alipouliza bei yake na ya mwanawe. Garland kwanza alikataa kabisa kulizungumza jambo hilo. Siku nyingine, kwa hasira au kwa haya, alimpa robo dola ya fedha, nauli ya kuvukia mto Mississippi kuingia upande usio na utumwa, akamwambia avuke kama anataka kuondoka. Elizabeth aliirudisha robo dola ile. Alijua njia ya kuvuka mto; wengi walikuwa wakivuka. Yeye alitaka uhuru wenye hati, ambao hakuna mtu atakayeweza kumfuata usiku kumnyang'anya. Hatimaye bei ikatajwa: dola 1,200 kwa mama na mtoto.

Kati ya kushona kwa ajili ya watu 17 na kuweka akiba hapakuwa na nafasi. Isitoshe, aliolewa na James Keckley, aliyejidai kuwa mtu huru kumbe siye, na ambaye ulevi ulimfanya mzigo badala ya msaada. Elizabeth akaamua kwenda New York kuwaomba watetezi wa watumwa wamsaidie. Kabla ya kuruhusiwa kuondoka alitakiwa apate saini za waungwana sita watakaodhamini kwamba atarudi. Watano walitia saini. Wa sita alikuwa tayari kutia saini huku akimwambia wazi kwamba anajua hatarudi. Elizabeth akaikataa saini hiyo, ingawa ilikuwa ndiyo mlango wake wa uhuru, kwa kuwa hakutaka kuondoka akiwa ameshahesabiwa mwongo. Habari zikawafikia wateja wake. Mmoja wao, Bibi Le Bourgeois, aliona aibu kwamba fundi wao aende kuomba kwa wageni, akachangisha fedha miongoni mwa wanawake aliowashonea. Zilitolewa kama zawadi. Elizabeth alizipokea kama mkopo. Tarehe 13 Novemba 1855 hati ya uhuru iliandikwa, na baada ya hapo akaendelea kushona mjini humo hadi alipolipa dola ya mwisho.

Mwaka 1860 alifika Washington akiwa hana jamaa wala mtaji. Mtu mweusi huru alipaswa kupata kibali ili akae katika mji huo mkuu wa nchi, na ilibidi mteja mmoja amsemee. Kazi yake ndiyo iliyomtambulisha. Tufahamu fundi wa mavazi wa enzi hizo alikuwa akifanya nini. Cherehani ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa, lakini sehemu kubwa ya umaliziaji ilikuwa ya mkono. Kitambaa kilikuwa ghali, hariri na mahameli, na mara nyingi mteja alikileta mwenyewe. Fundi alipima, akakata, akabandika kwa pini juu ya mwili, mpaka sehemu ya juu ya gauni ikakaa juu ya mvaaji kama ngozi yake. Mkato mmoja wa makosa ulikuwa hasara isiyofidika. Sifa ya Elizabeth ilikuwa hasa katika mkato na ukaaji wa nguo, na katika kujizuia: hakurundika lasi na vifundo pasipo haja.

Miongoni mwa wateja wake wa mwanzo alikuwamo Varina Davis, mke wa seneta Jefferson Davis wa Mississippi. Majimbo ya kusini yalipoanza kujitenga, Bibi Davis alimshauri wafuatane kusini. Elizabeth alifikiri, akabaki. Muda mfupi baadaye Jefferson Davis akawa rais wa majimbo yaliyoasi ili kulinda utumwa. Fundi huyu alikuwa ameketi sebuleni mwao akishona wakati mipango ya vita ilipokuwa ikizungumzwa nyumbani humo.

Abraham Lincoln alipoapishwa tarehe 4 Machi 1861, mkewe, Mary, alihitaji mshonaji. Elizabeth alihojiwa pamoja na mafundi wengine, naye ndiye aliyechukuliwa. Bibi Lincoln alianza kwa kupunguza bei, akieleza kuwa wao wametoka magharibi na si matajiri. Gauni la kwanza, la hariri ya rangi ya waridi, lilifika dakika za mwisho kabla ya dhifa, na mwenyewe alikwishaapa kwamba hatatoka chumbani. Elizabeth alimtuliza, akamvika, akamtengeneza nywele, na usiku ule watu wakamsifu mke wa rais. Katika miezi michache ya mwanzo alimshonea magauni kama 15. Gauni moja la mahameli ya zambarau, lenye sehemu mbili za juu, moja ya mchana na moja ya jioni, limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian na linasadikiwa kuwa ni kazi ya mikono yake.

Mwaka huo huo msiba ulimfika. George, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wilberforce kilichoko Ohio, alijiandikisha katika jeshi la serikali kuu. Askari weusi walikuwa hawajaruhusiwa. Kwa kuwa rangi yake ilikuwa nyeupe, aliingia kama Mzungu. Aliuawa tarehe 10 Agosti 1861 katika mapigano ya Wilson's Creek, Missouri. Mtoto pekee ambaye mama alimnunua kwa miaka ya mishono alikwenda baada ya miaka isiyotimia sita ya uhuru. Baadaye serikali ilimpa mama malipo ya uzeeni ya dola 8 kwa mwezi, kisha dola 12. Mwezi wa Februari mwaka 1862 Willie, mtoto wa rais, alipofariki kwa maradhi, ni Elizabeth aliyemwosha na kumvika. Tangu hapo yeye na Bibi Lincoln waliunganishwa na jambo kubwa kuliko nguo, ingawa mmoja alikuwa bibi mwenye nyumba na mwingine mfanyakazi.

Katika kiangazi cha mwaka 1862 maelfu ya watumwa waliotoroka walikuwa wakiingia Washington bila chakula wala nguo. Elizabeth aliwakusanya wanawake wa kanisa lake, wakaanzisha chama cha kuwasaidia, naye akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Bibi Lincoln alitoa dola 200. Mjini New York wahudumu weusi wa hoteli moja walichanga kutokana na mishahara yao midogo, na Frederick Douglass, mtetezi mkuu wa watu weusi, akaunga mkono. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Mtu aliyejikomboa peke yake hakutosheka na uhuru wa peke yake.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 Lincoln alipigwa risasi. Mjane wake alimtaka Elizabeth kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiye aliyekaa naye katika chumba chenye giza kwa majuma kadhaa, kisha akamsindikiza hadi Chicago. Bibi Lincoln alimpa joho alilokuwa amevaa usiku ule, lenye damu ya rais, pamoja na kofia aliyokuwa nayo kichwani. Kwa sadfa ya ajabu, usiku huo huo jengo kuu la Chuo cha Wilberforce liliteketea kwa moto. Elizabeth alikusudia vitu hivyo viende kwa chuo hicho, ili vionyeshwe kwa malipo na chuo kijengwe upya. Hebu tuone fundi huyu alivyoitazama kofia ile: urithi ambao mwingine angeuuza kwa manufaa yake, yeye aliukadiria kuwa matofali ya skuli ya watoto weusi.

Mwaka 1867 mjane wa Lincoln, akiwa na madeni makubwa, aliazimia kuuza mavazi yake ya zamani mjini New York. Elizabeth alifunga duka lake Washington, akaenda kumsaidia. Nguo zilitundikwa hadharani, watu wakaja kuzigusa na kucheka, magazeti yakakejeli, wanunuzi wakawa haba. Elizabeth alirudi nyuma kimapato na hakulipwa gharama zake. Mwaka 1868 alitoa kitabu cha maisha yake, kinachoeleza miaka yake 30 utumwani na minne Ikulu. Nia yake ilikuwa kumtetea Bibi Lincoln na kujitetea yeye mwenyewe. Walakini ndani ya kitabu zilichapishwa pia barua za faragha za Bibi Lincoln. Elizabeth alikuwa amezikabidhi kwa mhariri wake, wala hakutarajia zitolewe kama zilivyotolewa.

Hatutaki kuficha kwamba hapo palikuwa na kosa. Barua ni amana, na amana iliyotoka mikononi haina ulinzi. Bali tuipime ghadhabu iliyofuata. Magazeti hayakukasirika sana kwa sababu siri zilitoka. Siri za Bibi Lincoln zilikuwa zikichapwa kila wiki na waandishi wa Kizungu bila haya. Yalikasirika kwa kuwa aliyesema ni mtumishi mweusi. Kilitungwa hata kijitabu cha kumdhihaki, kilichojaa matusi ya rangi. Bibi Lincoln akakata urafiki. Wateja wakapungua, na baadhi ya watu weusi pia wakamlaumu kwa kuogopa kwamba Wazungu hawatawaamini tena watumishi wao.

Aliendelea kushona na kufundisha wasichana. Mwaka 1892 Chuo cha Wilberforce, alikosoma mwanawe, kilimpa uongozi wa idara ya ushonaji, naye ana umri wa miaka 74. Mwaka 1893 alishiriki katika maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago, ambako kazi za idara yake zilionyeshwa. Kisha afya ikamwangusha. Akarudi Washington, akaishi katika nyumba ya kuwatunza wanawake na watoto weusi wasiojiweza, taasisi ambayo inatajwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuiasisi enzi za vita. Alifariki humo mwezi wa Mei mwaka 1907. Ukutani mwa chumba chake ilitundikwa picha ya Bibi Lincoln.

Na sasa tuje kwenye ule mfarishi. Uko katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Ni tandiko la vipande vya hariri vilivyounganishwa kwa mkono na kudariziwa, na katikati yake yuko tai, ndege wa nembo ya Marekani, pamoja na neno la Kiingereza lenye maana ya uhuru. Mapokeo yanasema Elizabeth aliushona kwa mabaki ya vitambaa vya magauni ya Bibi Lincoln. Kila fundi anajua kwamba mabaki ya kitambaa ni sehemu ya ushonaji; gauni huondoka na mwenyewe, vipande hubaki sakafuni. Magauni aliyoyashona Elizabeth yalitajwa kwa majina ya waliovaa. Vipande vilivyobaki vilikuwa vyake, na juu ya vipande hivyo likaandikwa neno ambalo yeye alilijua bei yake hadi senti ya mwisho.

Hata hivyo jina lenyewe lilikuwa bado halijasalimika. Mwaka 1935 mwandishi mmoja wa habari alitangaza kwamba kitabu kile kiliandikwa na mwanamke wa Kizungu, na mjadala ukafika mahali pa kutia shaka habari nzima ya Elizabeth Keckley. Miaka 28 tu ilikuwa imepita tangu azikwe. Waliomwokoa hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu weusi wa Washington, wazee wa kanisa lake, wanafunzi wake wa kushona, waliokumbuka sauti yake na mwendo wake. Mtu mmoja, John E. Washington, alikusanya ushuhuda wao nyumba kwa nyumba na kuuchapisha katika kitabu mwaka 1942. Lau angechelewa miaka kumi, mashahidi wote wangekuwa wamekwisha.

Mwaka 1960 makaburi alimozikwa yalifungwa na ardhi ikauzwa. Mabaki ya watu wapatao 37,000 yalihamishiwa Landover, Maryland. Mawe yao ya kaburi hayakuhamishwa, na mengi yalitupwa kingoni mwa mto Potomac kuzuia mmomonyoko. Mahali pa zamani leo pana kituo cha treni. Elizabeth alilala bila alama hadi mwaka 2010, kaburi lake jipya lilipowekwa jiwe lenye jina lake.

Sisi tuliokaa juu ya mkeka wa chuoni kabla ya kukaa juu ya dawati la serikali tulifunzwa kwamba mfanyakazi hulipwa jasho lake lisijakauka. Maisha ya Elizabeth Keckley yanatuonyesha kwamba jina la mfanyakazi ni sehemu ya ujira huo. Akilipwa fedha na jina likazuiwa, amelipwa nusu. Na nusu iliyobaki huchukuliwa na mvaaji, mwenye duka, au yeyote atakayekuja baadaye kudai kwamba kazi ile ni yake.

Kwa hiyo tunayo maombi matatu kwa wenye dhamana. La kwanza, kazi za mikono zinazowekwa katika makumbusho na maonyesho yetu ziandikwe jina la fundi na kijiji chake, si jina la mtoaji peke yake. La pili, maofisa wa vyama vya ushirika wanaonunua kofia, mikeka na vitambaa vya kudarizi waweke daftari la mafundi, ili bei inayopanda mjini ijulikane inawafikia akina nani shamba. La tatu, walimu wawatume wanafunzi wakawahoji bibi zao wanaoshona, wakaandike majina, mishono na miaka, wakati wenyewe wangali hai na wanaweza kujibu. Mambo haya hayahitaji mkopo wa nje wala mtaalamu mgeni. Yanahitaji kalamu, daftari na mtu atakayeuliza.

Tunatumaini msomaji ataanza kwake mwenyewe. Ijumaa ijayo, kabla ya kuivaa kofia yake, aulize imeshonwa na nani. Akijibiwa kwamba ni bibi mmoja wa shamba, aendelee kuuliza mpaka apate jina.